Msahafu ndani ya simu: na mwalimu awekwe wapi?

Katika nyumba nyingi za Waislamu nchini mwetu, msahafu una mahali pake. Huwekwa juu ya kabati au juu ya rafu iliyopita vichwa vya watu, umefungwa kitambaa safi, na mtoto haufikii mpaka mkubwa amteremshie. Simu nayo ina mahali pake: mfukoni, chini ya mto, juu ya meza penye vikombe vya chai, mkononi mwa mtoto anayelilia katuni. Siku hizi vitu hivi viwili vimekuwa kitu kimoja, na mambo mengi ya nyumbani yamelazimika kufikiriwa upya.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Dar es Salaam au Unguja peke yake. Lipo Mtinko vilevile, huko kaskazini ya mji wa Singida, upande wa Ilongero, katika nchi ya Wanyaturu, penye mashamba ya alizeti, uwele, mtama na vitunguu. Watu wa huko, kama wa Singida nzima, wana ndugu zao mijini: makuli, walinzi, makarani, wauza kuku, madereva, walimu. Ndugu hao wanaporudi kwa Idi au kwa msiba huja na simu ya kupangusa waliyokwisha kuitumia mwaka mmoja au miwili, wakamwachia mama au mdogo wao. Mtu akiitaka Kurani nzima katika simu hiyo ataipata: sura 114, aya 6236 kwa hesabu ya misahafu tunayoitumia zaidi, pamoja na sauti ya msomaji wa Misri au wa Makka, na tarjuma ya Kiswahili chini ya kila aya. Mzigo ambao zamani ulijaza rafu umekwisha kuingia katika kitu kisichojaza kiganja.

Je, ni neema? Hapana shaka ni neema. Lakini neema nayo ina matumizi yake, na katika ukurasa huu tungependa kuzungumza na wazazi juu ya matumizi hayo, kwa sababu ndio wanaozinunua simu na ndio wanaowapeleka watoto chuoni, au wanaoacha kuwapeleka.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba Kurani haikuanza kwa karatasi. Ilianza kwa kusikilizwa na kuhifadhiwa vifuani, na iliandikwa juu ya ngozi, mifupa na makuti kabla ya kukusanywa na kunakiliwa rasmi katika zama za Khalifa Uthman, katikati ya karne ya 7. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa mafundi wake wa kuandika misahafu kwa mkono. Baadaye zikaja chapa za Bombay. Mwaka 1924 Misri ilitoa msahafu wa chapa ya Cairo, ambao uliwekwa sawa na wanazuoni na ukaenea duniani. Na tangu mwaka 1984 kiwanda cha Mfalme Fahd kilichoko Madina kimekuwa kikitoa misahafu kwa mamilioni, kwa hati ya mwandishi mashuhuri Uthman Taha, mzaliwa wa Syria.

Msahafu huo wa Madina una jambo ambalo wahifadhi wanalijua sana. Una kurasa 604, na kila ukurasa unakoma mwisho wa aya. Mwenye kuhifadhi hakumbuki maneno tu. Anakumbuka na mahali pake. Anajua kwamba aya fulani iko juu mkono wa kulia, na nyingine iko chini pembeni, karibu na kidole gumba kinaposhika. Sasa ziko programu za simu zinazoonyesha kurasa hizo kama zilivyo, na ziko nyingine zinazomwaga maandishi kama maji: ukiyakuza kwa ajili ya macho mabovu, mistari inahama, aya inashuka, na ramani yote iliyokuwa kichwani inavurugika. Kwa mtu anayesoma tu, kasoro hiyo ni ndogo. Kwa mtoto anayehifadhi ni kubwa, naye apewe ile ya kurasa, wala asiwe anabadilisha programu kila mwezi.

Kwa mtoto wa zamani ramani hiyo ilikuwa ubao. Mwalimu alimwandikia somo lake kwa wino wa masizi, mtoto akalisoma kwa sauti mpaka likakaa kichwani, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa somo jingine. Ukifikiri, kioo cha simu kinafanana zaidi na ubao kuliko na kitabu. Kinaandikwa, kinafutika, kinaandikwa tena. Tofauti yake ni kwamba ubao haukufutika mpaka mwalimu aridhike.

Kila chombo kipya kilipokuja, watu walikuwa na mashaka, na mashaka yale hayakuwa ya kijinga. Kurani ya kwanza kupigwa chapa kwa mashine ilitolewa Venice, Italia, kati ya mwaka 1537 na 1538, na watu wa nyumba ya Paganini. Ilijaa makosa ya herufi na irabu, haikupata wanunuzi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa imepotea kabisa mpaka nakala moja ilipoonekana mjini humo katika miaka ya 1980. Sauti nayo ilikuja kwa hatua. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurekodi Kurani nzima kwa kisomo cha murattal, na mwaka 1964 Cairo ikafungua stesheni ya redio ya Kurani peke yake. Kutoka hapo sauti ya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, aliyefariki mwaka 1988, iliingia katika kaseti na kaseti zikaingia katika nyumba zetu, hata kwa watu wasiojua herufi moja ya Kiarabu.

Simu na kompyuta nazo zilianza kwa makosa yaleyale ya Venice. Maandishi ya Kurani yaliyosambaa katika intaneti yalikuwa na nukta zilizohama na irabu zilizodondoka, kwa kuwa kila aliyeandika alinakili kutoka kwa mwenziwe. Ndiyo sababu mwaka 2007 ulianzishwa mradi wa Tanzil, ambao kazi yake ni kutoa maandishi yaliyohakikiwa ili wanaotengeneza programu wayachukue kutoka hapo. Programu nyingi nzuri husema zimetoa wapi maandishi yake. Isiyosema itiliwe mashaka. Njia ya kuipima si ngumu: chukua msahafu wa karatasi, fungua mahali popote, na mwambie mwalimu afuatilie mistari kumi katika simu huku wewe unasoma kitabuni.

Sasa tuje kwa wazee. Hapa simu imefanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kilichoifanya. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akina mama na akina baba wengi wa vijijini walikaa chini ya miembe na katika madarasa ya shule kujifunza kusoma Kiswahili. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo leo amepita sabini na mitano. Anajua kusoma, lakini macho yamechoka, na miwani inapatikana mbali. Mzee huyo akiwekewa tarjuma ya Kiswahili katika simu na herufi zikakuzwa mpaka mstari ukawa na maneno manne, anasoma mwenyewe. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa tarjuma yake mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akatoa yake mwaka 1995, na hii ya pili ndiyo iliyomo katika programu nyingi. Vitabu hivyo ni vikubwa na vizito. Bibi wa miaka themanini hawezi kukishika kitabu hicho kitandani, bali simu ataishika.

Mazungumzo ya namna hii hayatashangaza mtu yeyote mwenye bibi na mjukuu chini ya paa moja:

"Shikamoo bibi. Nikufungulie Yasini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ngoja nikatawadhe kwanza."

"Bibi, hii ni simu tu. Ustadhi amesema si lazima."

"Wewe nifungulie. Mimi sitawadhi kwa ajili ya simu."

Tuseme basi juu ya jambo hilo la udhu, maana linaulizwa sana. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, asiye na udhu haugusi msahafu. Wanazuoni wengi wa sasa wameona kwamba simu si msahafu, kwa kuwa herufi zake hazikukaa mahali. Ni mwanga unaokuja na kuondoka, na ukizima kioo hapana kitu. Kwa rai hiyo mtu aliye katika basi la kwenda kazini, asiye na maji, anaweza kusoma katika simu yake. Wapo wengine wanaojihadhari zaidi, wakasema kwamba wakati aya zimo kiooni, yafaa kidole kisiguse maandishi yenyewe. Hapo ndipo habari ya ubao inaporudi. Vitabu vya fikihi ya Kishafii viliuhesabu ubao ulioandikwa kwa ajili ya kusomea kuwa na hukumu ya msahafu katika kuguswa, ingawa nao ulikuwa wa kufutika. Lakini vilimsamehe mtoto anayejifunza, kwa kuwa kumtaka atawadhe kila mara kungemtaabisha na kumkatisha masomo. Kwa hiyo wanaoona hivi na wanaoona vile wote wana mahali pa kusimama, na mzazi asiyejua amwulize sheikh wa mtaani kwake badala ya kumwuliza muuza simu. Juu ya kuingia msalani na simu, jibu ni jepesi: izimwe au programu ifungwe, isiwe inaonyesha wala kusoma.

Na katika tarawehe? Imepokewa kwamba Bi Aisha alisalishwa na Dhakwan, mtumwa wake, huku Dhakwan akisoma katika msahafu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya jambo hilo tangu zamani, na simu imeurithi ubishi huo kama ulivyo. Nitaongeza jambo moja tu: msahafu wa karatasi hauliii katikati ya rakaa.

Jambo linalonikera, na wazazi wanisamehe, ni hili la mwalimu. Mzazi wa mjini anatoa laki na nusu kununua simu kwa ajili ya mtoto aliyeko kwa bibi yake, na anasema kwa furaha kwamba sasa mtoto atajifunza Kurani. Mzazi huyohuyo hajapeleka ada ya madrasa kwa miezi mitatu, na ada yenyewe ni shilingi chache. Ustadhi wa kijijini ni mkulima kama wengine. Ana shamba la alizeti la kupalilia na watoto wa kulisha, na baada ya alasiri anakaa na watoto wa watu. Akiona watoto wamepungua kwa sababu "wanasoma kwenye simu", naye atabaki shambani. Mwaka ukipita, na mwaka mwingine, hapana madrasa tena pale, na simu ile ikivunjika kioo hapana chochote.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiarabu kina herufi ambazo masikio yetu hayakuzaliwa nazo. Kina haa ya kooni na hee nyepesi. Kina swadi na sini. Kina kafu ya nyuma ya ulimi na kafu ya mbele. Neno lenye kafu ya nyuma lina maana ya moyo. Likitamkwa kwa kafu ya mbele linakuwa mbwa. Mtoto wa Mtinko anayesema Kinyaturu nyumbani na Kiswahili shuleni atasikiliza sauti ya simu, ataiga kama anavyosikia, na atajiona amepatia. Simu itasoma naye atasoma, kila mmoja upande wake, na hapana wa kumwambia "rudia". Lipo baya kuliko hilo: programu zinazoandika matamshi ya Kiarabu kwa herufi za Kirumi. Humo haa mbili zinakuwa moja, swadi na sini zinafanana, na mtoto anazoea kosa mpaka linakuwa ndiyo lugha yake. Mzazi akiyaona maandishi hayo katika simu ya mtoto ayaondoe siku hiyohiyo.

Ni kweli kwamba mafundi hawajalala. Iko programu iitwayo Tarteel, ambayo kwa kutumia akili bandia humsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloruka au kulikosea. Ni msaada mkubwa kwa aliyekwisha kuhifadhi na anataka kujipima. Lakini sehemu hiyo ya kuonyesha makosa inalipiwa, na kuruka neno ni kitu kimoja, kulitoa neno mahali pake kinywani ni kitu kingine. Mwalimu anauangalia mdomo wa mtoto. Anauona ulimi umekaa wapi. Na yeye mwenyewe alirekebishwa na mwalimu wake, naye na mwalimu wake, mlolongo wa midomo na masikio unaorudi nyuma karne kumi na nne.

Ajabu ni kwamba simu yenyewe ingeweza kumtumikia mwalimu huyo, kama tungependa. Kila simu ina kinasa sauti. Ustadhi akisoma Juzuu Amma polepole, aya moja moja, akaacha nafasi ya mtoto kurudia, ikarekodiwa, basi watoto wana somo la mwalimu wao wenyewe kwa ajili ya asubuhi na usiku, na alasiri wanakuja kwake kusahihishwa. Mtoto aliyehamia Dar es Salaam na wazazi wake anaweza kutumiwa sauti ile, naye akamtumia ustadhi kisomo chake akasikilizwa. Kwa kazi hiyo ustadhi alipwe. Kutuma pesa kwa simu ni jambo la dakika moja, na wale waliozoea kusema "nitakuona nikija Idi" sasa hawana udhuru.

Juu ya gharama, hesabu ni hii. Maandishi ya Kurani na tarjuma ni mepesi, na yakiisha kuingia katika simu yanasomeka bila mtandao. Sauti ndiyo inayokula bando. Kurani nzima kwa kisomo cha kawaida huchukua kama saa thelathini. Kwa sauti ya ubora wa wastani hiyo ni karibu megabaiti 860, na kwa ubora wa juu hupita mara mbili ya hapo. Juzuu Amma peke yake haifiki saa nzima, nayo haizidi sana megabaiti 30. Mwenye bando dogo aanze na hiyo. Au afanye kama wafanyavyo wengi: aingize sauti zote katika memori kadi akiwa mjini penye mtandao mzuri, kisha kadi isafiri na basi mpaka Singida na kutoka hapo mpaka Mtinko. Hata kitochi chenye nafasi ya kadi kitaisoma, na chaji yake hudumu kuliko ya simu ya kupangusa.

Programu za bure zina bei yake pia, isipokuwa hailipwi kwa shilingi. Nyingine hukatiza sura kwa matangazo, na matangazo hayachagui pa kutokea; msomaji yumo katika aya za kukataza kamari, na chini ya kioo anaitwa akabeti. Mwezi Novemba mwaka 2020 ilifichuliwa Marekani kwamba Muslim Pro, programu mashuhuri ya saa za sala na Kurani, ilikuwa ikitoa habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba kampuni hiyo ilikuwa na wateja wanaohusiana na jeshi la nchi hiyo. Wenye programu walitangaza kuuvunja uhusiano huo. Nchini mwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haitamzuia mtu anayebonyeza "kubali" kwa kila kinachoulizwa. Programu ya kusomea Kurani haina haja ya kujua ulipo, wala majina ya watu katika simu yako. Ikiomba, inyimwe. Na wakati wa kusoma data izimwe. Msomaji atapata utulivu na matangazo yatakosa njia.

Mwezi Oktoba mwaka 2021 Apple iliiondoa programu ya Quran Majeed katika duka lake la China kwa agizo la wakuu wa huko. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kitabu cha karatasi sasa hakina kazi wangoje kwanza. Kilichomo katika simu kinaweza kuondolewa na mtu usiyemjua, aliye mahali usipopajua. Kile cha juu ya kabati hakiondolewi mpaka aingie mtu nyumbani.

Majirani zetu Wakristo wanaijua habari hii, maana Biblia nayo imo katika simu zao, na kanisani mzee hawezi kujua kama kijana aliyeinamisha kichwa anasoma Zaburi au anajibu barua za mchumba. Msikitini ni vivyo hivyo.

Limebaki la simu iliyochakaa. Msahafu ukiraruka tunajua la kufanya: huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima, kama Khalifa Uthman alivyofanya kwa nakala zilizotofautiana na ile rasmi. Simu haizikwi. Inauzwa kwa fundi, fundi anaifungua, vipande vinakwenda huku na huku. Wanazuoni hawakuona ubaya wa kufuta maandishi katika simu, kwa hiyo yafutwe kabla haijatoka mkononi. Kadi itolewe kwanza. Katika simu nyingi za Singida, kadi hiyo ndiyo yenye sauti ya babu akisoma Yasini, na babu hayupo tena wa kurekodiwa mara ya pili.